Umati wa Alhamisi

Diwani Mbonea hakuonekana Kighonda miaka mitano, lakini uchaguzi ulipobisha hodi akampigia simu Bi Nasero, mwenyekiti wa kitongoji.

"Mama, baada ya wiki mbili nakuja. Nataka uwanja ufurike watu. La sivyo, usije ukaniomba hata kiberiti."

Bi Nasero alitazama magunia ya tangawizi yaliyokuwa yakiozea uani. Tangu mvua ilipolibeba daraja, hakuna lori lililopanda mlima ule.

"Karibu Alhamisi, Mheshimiwa. Siku hiyo kijiji kizima huamka alfajiri, na hakuna aendaye shambani. Ila gari lako la vipaza sauti litapita wapi? Au utavuka mto kwa miguu, suruali umeikunja magotini, watu wakikutazama?"

Kufikia Jumatano daraja la mbao lilikuwa limesimama, na greda limesawazisha barabara hadi uwanjani.

Alhamisi Mbonea akaingia kwa mbwembwe, vipaza sauti vikinguruma. Uwanjani alimkuta Bi Nasero peke yake, ameketi juu ya gunia.

"Mama, umati uko wapi?"

"Si mmepishana nao darajani? Walikuwa kwenye yale malori ya tangawizi. Leo gulio, siku ya soko ng'ambo ya mto, Mheshimiwa. Hebu nisaidie kupakia hili gunia, mimi wameniacha."