Paa Alilolala Mtemi

Karne nyingi zilizopita, vita vya huko Ujerumani vilipotimiza mwaka wa kumi, Mtemi Eberwini aliingia kijijini na jeshi lenye njaa. Amri yake ilijulikana na kila mtu: askari waruhusiwe kula chochote watakachokikuta, ila chini ya paa alilolala yeye wasiguse hata yai.

Akabisha hodi kwa mjane Apolonia, mwenye nguruwe sita kwenye banda nje ya nyumba.

"Nipishe kitanda chako, mama. Nguruwe wataliwa kesho asubuhi."

"Karibu, Mtukufu. Ila maadui wakivamia, mtemi watamtafuta wapi?"

"Kwenye kitanda kizuri kuliko vyote."

"Na bandani kwa nguruwe, watamtafuta?"

Mtemi alikuna ndevu, akafikiri. "Tandika huko majani makavu," akasema. "Na usimwambie mtu."

Asubuhi askari walikuja na visu. Apolonia alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Kabla hamjaingia, wanangu, muulizeni bwana wenu alilala chini ya paa lipi."

Sajini alimgeukia Mtemi, aliyekuwa amejitokeza nje ya banda. Akayaona majani kwenye ndevu zake, na tope la nguruwe shavuni. Akarudisha kisu kwenye ala yake.

"Twendeni," alisema Mtemi. "Kijiji hiki kinanuka."