Nyumba Iliyoanguka Njiani

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele haviumi mtu. Leo nataka niwapakie nyote ndani ya gari moja twende kaskazini, huko ukishapita Marsabit, ambako barabara huchoka ikabaki alama za magurudumu mchangani. Ni mfano tu, kwa hiyo baada ya ibada asinifuate mtu kuniuliza namba ya gari.

Mwalimu mkuu mmoja wa Machakos alistaafu. Miaka thelathini na minne alifundisha jiografia, akachora jangwa ubaoni kwa chaki hata mkono ukazoea, na hakuwahi kulikanyaga. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua basi dogo la shule lililokwisha kuchoka, akalipeleka kwa fundi wa jua kali, akamwambia, "Toa viti vyote, nitengenezee nyumba." Viti vikatoka, kitanda kikaingia. Yakaingia na meko ya gesi, sinki, kabati la vyombo, friji ndogo inayotumia betri, na juu ya paa likafungwa tangi la maji. Mapazia alishona mkewe, Mama Ndinda, na kila alipotunga uzi kwenye sindano alinung'unika.

"Baba Ndinda, watu wakizeeka hutulia nyumbani. Sisi ndio kwanza tunaanza kulala garini?"

"Hatulali garini, mama. Nyumba yetu imepata miguu, basi."

Mnacheka. Mimi simcheki mzee huyo, namstahi sana. Wangapi hapa wana jambo walilolitamani tangu ujana, na kila mwaka wanasema mwaka ujao? Yeye alipiga starta akaondoka.

Walipita Isiolo, wakanywa chai Laisamis, wakaendelea. Waliingia vijimji vya maduka matatu, msikiti, kanisa la mabati na mnara wa simu, na kila walipoegesha, watu walikuja kuchungulia dirishani kuona kama kweli ndani mna kitanda. Walilala kwenye hifadhi za jangwani ambako askari wa wanyamapori alikaa wiki nzima bila kuona mgeni, akafurahi kuwaona kana kwamba ni shangazi zake. Siku ya tatu asubuhi Mama Ndinda alifungua pazia aoshe vikombe, akakuta choroa sita, wale swala wakubwa wa jangwani, wamesimama hatua ishirini kutoka kwenye sinki lake, pembe zimenyooka, wanamtazama. Aliacha bomba likimwaga maji ovyo, akamwamsha mumewe kwa kunong'ona. Tangu siku hiyo hakunung'unika tena.

Sasa nisikilizeni. Mama Ndinda alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku alijidunga dawa, na dawa ile haitaki joto. Ikiiva kwa jua imekufa, hata ukiitazama chupani inaonekana nzima. Kwa hiyo ile friji ndogo haikuwa ya soda. Katika nyumba ile yote, kitu ambacho mwalimu alikikagua asubuhi, mchana na jioni ni friji. Alimpenda mkewe, na mapenzi yake yalikuwa ya mtu wa mipango: alibeba magurudumu mawili ya akiba, kamba, koleo, dawa ya mwezi mzima, na daftari la kila kituo.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, wakiwa katikati ya uwanda mweupe usio na mti, gari liliteleza nje ya njia. Jiwe lililojificha mchangani likapasua tumbo la injini. Mafuta yote ya injini yakamwagika, injini ikakwama, na basi likainamia upande mmoja, kabati likatapika sahani. Tangi la juu nalo lilipasuka. Maji yakashuka ubavuni mwa gari na mchanga ukayanywa hata kabla mwalimu hajapata sufuria ya kukingia.

Simu haikuwa na mtandao. Zilibaki chupa nne za maji ya kunywa. Mwalimu alikaa karibu na friji akiisikiliza. Unajua mlio wa friji huusikilizi mpaka uogope kwamba utakoma. Saa sita mchana ulikoma. Alifungua daftari lake la mipango, akalipekua mbele na nyuma, akalifunga. Mkewe alikuwa amelishika boksi la dawa kifuani kwa mikono miwili, halafu akakumbuka kwamba mwili nao una joto, akaliweka chini.

Saa nane hivi waliona vumbi. Likakaribia, likawa ngamia, na nyuma yao mbuzi. Ilikuwa familia ya wafugaji inahama, na ninyi ambao hamjawahi kuona watu wale wakihama, mmekosa kitu. Nyumba nzima hubebwa na ngamia: miti iliyopindwa, mikeka, ngozi, vibuyu vya maziwa, na ndani ya miti ile, kama ndani ya kikapu, mtoto mchanga na bibi asiyeweza kutembea. Mbele alitembea mama mmoja mjane aitwaye Talaso, mwembamba, wa miaka kama sitini. Ngamia wote walisimama alipoinua mkono.

Alilizunguka basi mara moja. Aliona kitanda kimelala upande, sufuria chini, mapazia. Hakuuliza ni gari la aina gani.

"Mzee," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "nyumba yenu imeanguka?"

"Imeanguka, mama. Tafadhali, mkifika mjini waambieni watu watutumie fundi."

Talaso akawageukia watu wake, akasema maneno mawili, na ngamia wakaanza kupigishwa magoti. Mizigo ikaanza kushuka.

"Hapana, hapana!" mwalimu alisema. "Msikae kwa ajili yetu. Ninyi endeleeni na safari."

"Sisi tukikuta nyumba ya mtu imeanguka njiani, hatupiti," alisema Talaso. "Tunakaa mpaka isimame."

Mjini palikuwa kilomita arobaini. Shemeji ya Talaso, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alijifunga shuka, akachukua kibuyu kimoja na fimbo, akaondoka kwa miguu kwenda kumtafuta fundi. Alienda hivyo tu, ndugu zangu, kama mtu anayekwenda dukani. Waliobaki walisimamisha vibanda vyao upande wa basi ili wenye basi wapate kivuli.

Ndipo Talaso akaliona lile boksi. Mama Ndinda akamweleza: hii ni dawa yangu, ikipata joto inaharibika, na nisipoipata sitafika nyumbani. Talaso hakujua sukari ya damu ni nini. Lakini kuhusu joto, nani wa kumfundisha? Alichukua kibuyu kipana, akaziweka chupa za dawa ndani, akakizungushia kitambaa kizito, akakitundika kwenye kivuli mahali upepo unapopita. Halafu akanyoosha mkono kuchukua maji ya kukilowesha.

Mwalimu alizitazama chupa zake nne. Alimpenda mkewe, nimekwisha kuwaambia. Lakini alianza kupiga hesabu: siku ngapi, vikombe vingapi, watu wawili. Alipokuwa bado anahesabu, Talaso alikwisha kufungua mtungi wake mwenyewe, maji aliyoyabeba kwa ajili ya wajukuu zake, na akayamimina kwenye kitambaa cha dawa ya mgeni. Maji, jangwani, kwenye kitambaa! Mwalimu aliona haya, akamletea chupa moja haraka haraka.

"Hayo ni ya mgonjwa kunywa," alisema Talaso. "Yaweke."

Siku mbili na nusu kitambaa kile hakikukauka. Watoto wa kambi ile walikunywa nusu kikombe wakati ambapo wangekunywa kizima, na wala hakuna aliyewaeleza wageni jambo hilo. Mama Ndinda alijidunga dawa yake kila siku, na dawa ilikuwa hai. Siku ya tatu shemeji mtu alirudi amekaa mbele ya lori pamoja na fundi, miguu imevimba, anatabasamu. Basi likafungwa mnyororo, likavutwa mpaka mjini. Talaso akawapungia mkono, akarudi kupakia ngamia wake. Hata kushukuriwa vizuri hakusubiri.

Wengi wangeishia hapo. Mgeni kaokolewa, mwema katenda wema, tuombe twende nyumbani. Lakini mimi sijamaliza, na ninyi bado hamjaona ninachotaka muone.

Fundi alikaa na ile injini siku tano. Siku ya tano, akijifuta mikono, akasema kama mtu anayepiga soga tu, "Wale watu wa ngamia waliokaa na ninyi, walipoteza zamu yao."

"Zamu ya nini?" mwalimu akauliza.

"Ya kisima. Huku kila familia ina siku yake ya kunywesha. Yao ilikuwa siku ile ya pili mliyokuwa mmekwama. Walipofika, imepita. Wako pale nje ya kisima mpaka leo wanangoja zamu irudi. Nasikia mbuzi wameanza kufa."

Mwalimu alikaa chini kwenye tairi. Alikumbuka kila neno la Talaso, akatafuta humo lalamiko, hata dogo, hata la kuguna. Hakulipata. Yule mama alijua siku yake ya kisima inapita, akalala hapo kando ya basi na kuamka kulowesha kitambaa. Mwalimu akalia, mtu mzima, mbele ya fundi.

Mama Ndinda hakulia. Alisema, "Baba Ndinda, geuza nyumba."

Walijaza tangi jipya mpaka mdomoni, wakapakia mapipa ya maji pale palipokuwa na meza ya kulia, gunia la unga, majani ya chai na sukari. Mama akalala usiku ule juu ya unga. Asubuhi wakaondoka, na safari hii mwalimu aliendesha polepole, akiyaogopa mawe yote ya dunia.

Walifika kisimani mchana. Na sikilizeni walichokikuta. Zamu ya Talaso ilikuwa imerudi asubuhi ile ile. Mifugo iliyobaki ilikuwa imekunywa. Familia ilikuwa imekwisha kupakia kila kitu, nyumba ziko juu ya ngamia, kamba zimekazwa, bibi asiyeweza kutembea amekwisha kuketishwa mahali pake, na mbele yao kuna mwendo wa siku mbili kwenda kwenye majani, na wamekwisha kuchelewa wiki nzima. Talaso alikuwa ameinua mkono kutoa amri ya kuondoka. Akaona vumbi. Akaona mapazia.

Mwalimu alikuwa amejiandalia hotuba njia nzima. Alikuwa anafungua mlango ili aitoe. Lakini Talaso alikwisha kukimbia hadi kwa ngamia wake wa kwanza, akampigisha magoti, na alikuwa anafungua kamba za mzigo kwa vidole na meno, huku akiita juu ya bega lake:

"Nini kimeanguka tena? Mgonjwa yuko wapi? Shusheni, shusheni mizigo!"

Mwalimu akaisahau hotuba yake. Mama Ndinda ndiye aliyeruka chini, mwanamke mwenye sukari na magoti mabovu, akakimbia kwenye mchanga, akaishika ile mikono miwili ya Talaso juu ya fundo.

"Hakuna kilichoanguka, dada yangu. Usifungue. Usifungue."

Ilibidi aseme mara tatu ndipo Talaso akaamini.

Ndugu zangu, mimi mchungaji wenu nimejipima na mama yule, na nimepungua. Kumsaidia mtu mara ya kwanza ni rahisi. Mara ya kwanza hata tunajisikia vizuri, tunasimulia. Lakini aliyekugharimu juzi, aliyekupotezea siku yako, akitokea tena leo, na wewe umekwisha kukaza kamba zako uondoke, moyo wako husema nini? Si husema, "Huyu tena"? Si tunaona jina lake kwenye simu tukaigeuza kifudifudi mezani? Si tunawaambia watoto waseme baba hayupo? Na ninyi mnaocheka hapo nyuma, niliwapigia juzi.

Talaso hakujua kwamba basi limejaa maji. Angalijua, wema wake ungalikuwa mdogo. Alidhani wamekuja kuchukua wiki nyingine ya maisha yake, na mikono yake ilikuwa kwenye kamba kabla basi halijasimama. Na hivyo ndivyo Mungu anavyotupokea sisi, tunaorudi kwake na kosa lile lile tuliloanguka nalo juzi. Hajawahi kutuambia, "Wewe tena?" Kama angewahi, nani kati yetu angekuwa amekaa kwenye viti hivi leo?

Sasa ibada inakwisha. Tunajuana. Wako humu watu ambao kila Jumapili hutoka kwa mlango wa kando ili wasikutane na mtu fulani anayesimama kwenye mlango mkubwa, kwa maana wanajua ana shida tena. Leo mlango wa kando nimeufunga, ufunguo uko mfukoni mwangu. Twendeni sote tukapite pale aliposimama.