Nani Awe Somo wa Tunu?

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii ina swali mwishoni, na jibu la kupigiwa miayo silitaki.

Zamani, kwetu Pangani, milango ilishinda wazi. Mtu alibisha hodi, akajibiwa karibu, akaingia, akala kilichopo. Nikizikumbuka siku zile roho inaniuma. Nyumba moja tu ilitushinda, ya Bi Mwanahawa, mjane mwenye binti mmoja, Tunu. Mtoto alikuwa na usonji, ingawa jina hilo hatukulijua. Neno ulilomwambia ndilo alilokurudishia. Ukisema "Hodi," naye hujibu, "Hodi." Basi mgeni anabisha, na mwenyeji anabisha. Mtaa ulicheka, nami nilicheka. Mama yake hakucheka.

"Nikifa, nani atamwelewa huyu?" alituuliza. Akaahidi kwamba atakayemfundisha Tunu kuitikia hodi ndiye atakayekuwa somo wake. Na somo kwetu si mchezo. Ndiye amfundaye mwari, ndiye asimamaye naye mama akishaondoka duniani.

Walijitokeza watatu: Bi Kidawa, msuka mikeka; Mwalimu Hidaya wa chekechea, fundi wa kuchora; na Bi Msimu, mwimbaji wa harusini, ambaye kunyamaza kwake ni homa.

Kidawa alitangulia. Tunu hakuwa akitulia. Kelele zikimzidi huziba masikio akakimbia. Kidawa akampa miyaa iliyoloweshwa, akakaa kando yake wakasuka bila neno. Wiki zikapita. Mtoto akajua kukaa.

Hidaya akachora watu wawili, mmoja nje ya mlango, mwingine ndani. "Wa nje anabisha. Wa ndani anakaribisha." Wakabadilishana nafasi, leo hivi, kesho vile, mpaka Tunu akawa anagusa picha iliyo sawa. Ila mdomo haukufunguka.

Msimu naye akaimba, "Hodi hodi mwenye nyumba, mgeni wako nje, mwambie..." halafu akakatiza. Tunu wimbo uliokatwa humkera. Akawa anahangaika, anaguna.

"Punguza sauti, utamkimbiza," Kidawa alimwambia.

"Mbona hajakimbia?" Msimu akajibu, lakini akapunguza.

Alasiri moja Bi Mwanahawa alirudi sokoni. "Hodi," akasema mlangoni mwake, kwa mazoea tu. Ndani Tunu alikuwa anasuka. Akaitazama ile picha. Akaguna wimbo kidogo.

"Karibu."

Mama aliketi palepale kizingitini akalia. Nyumba ni yake, lakini hakuwa amewahi kukaribishwa na mwanawe.

Kisha yakaanza maneno. Kidawa alisema mtoto asiyekaa hafundishiki. Hidaya akasema angekaa hadi uzeeni na hodi yake ileile. Msimu akasema, "Kukaa alikaa, kujua alijua. Sauti mliisikia kabla yangu?"

"Tumuulize mwenyewe," mama akakata shauri. "Tunu, umtakaye nani? Kidawa, Hidaya, au Msimu?"

"Msimu."

Msimu akapiga kigelegele. Mama, aliyemjua mwanawe, akayageuza majina. "Msimu, Hidaya, au Kidawa?"

"Kidawa."

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Mwanahawa alikuwa akikohoa tangu masika, na sote tulijua.

Msiniambie wote watatu. Somo ni mmoja. Je, wewe ungekuwa ndiye mama huyo, mkono wa Tunu ungemkabidhi nani?