Barua ya Tatu ya Chemchemi

Sogezeni vigoda, wakubwa kwa wadogo. Leo nina kesi, na mahakimu ni ninyi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara waliishi watu watatu. Mwalimu Hoza, mstaafu, alikusanya maneno ya Kiingereza kama wengine wanavyoweka mbegu. Hakuna aliloliokota akalitupa. Bi Mahija alipiga chapa mahakamani miaka thelathini, akajua kila neno la lugha hiyo linavyomwingia msomaji. Naye Bi Nakunda hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kwa kusema lililo moyoni hakuwa na mpinzani.

Chemchemi yao ilizungushiwa uzio na shamba la chai, ambalo wenyewe wako ng'ambo na husoma Kiingereza tu. Watu wakawa wanashuka bondeni kuteka maji, na magoti ya Bi Nakunda yakaanza kugoma.

Mwalimu akaandika barua. Kwa "tunaomba" akaweka "beg", neno la mtu aliyenyoosha mkono. Jibu likaja upesi: marobota mawili ya mitumba! Watu walicheka mpaka basi. Barua ya pili akakaza, akaweka "demand", neno la mwenye rungu. Safari hii akaja wakili, na uzio ukaongezwa waya.

"Mwalimu, umetumaliza," Bi Nakunda akamwambia.

Ilimuuma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Akafungua daftari, akaandika kila neno la kuomba alilowahi kukutana nalo, yakafika kumi na manne. Akayatazama asijue la kushika.

Akampelekea Bi Mahija, naye akayapima moja moja. "Hili watatabasamu, kisha watasahau. Hili litawaudhi. Hili la salamu tu." Alipomaliza yote akauliza, "Sasa mnataka kuwaambia nini hasa?"

Mwalimu akaanza kuyasoma upya yale kumi na manne.

Bi Nakunda alikuwa ametua ndoo mlangoni, anapumzika. Akaguna. "Jirani akiazima sufuria akasahau kurudisha, unampigia magoti? Unamshikia panga? Unabisha hodi, unasema, 'Nimefuata sufuria yangu.' Basi."

Bi Mahija akapiga makofi. Kidole chake kikashuka daftarini hadi neno la kumi na moja: "claim", neno la mtu aliyefuata kilicho chake.

Barua ya tatu ikaenda. Wenye shamba wakaisoma, wakafungua ramani zao, wakaona chemchemi iko nje ya mpaka. Mwezi haukuisha, uzio ukang'olewa! Vigelegele vilisikika mpaka kijiji cha pili, na Mwalimu Hoza akalia mbele za watu wala hakujificha.

Lakini desturi ya kijiji hicho ni moja: aliyerudisha maji huteka kwanza, na chemchemi huitwa kwa jina lake. Jina moja tu.

"Bila mizani yangu mngeletewa mitumba tena," akasema Bi Mahija.

"Na bila sufuria yangu ungepima nini?" akajibu Bi Nakunda.

Mwalimu alilitamani jina hilo kuliko wote, lifute ile aibu ya mitumba. Tena neno lilitoka daftarini mwake! Ila alipoyatazama magoti ya Bi Nakunda, akaona haya kulidai.

Ndoo tatu ziko ukingoni, na mdomo wa chemchemi unatosha ndoo moja. Haya, mahakimu: itangulie ya nani?