Nyumba Iliyonyamaza Ghorofa ya Tatu

Soma pole pole mpaka chini, halafu mtumie mzazi mwenzako.

Mchungaji Elirehema alitumwa na kanisa lake kuhubiri Injili katika nchi moja ya baridi huko kaskazini. Alikwenda na mkewe, Ndeshi, na watoto wao wawili, Tumsifu na Anaeli. Wakapangishiwa nyumba ghorofa ya tatu, wakaendelea kama walivyozoea kwao Meru: kila jioni kabla ya kula wanaimba, kisha wote wanaomba kwa sauti kwa pamoja, kila mtu na shida zake, mpaka vikombe vinatikisika kabatini.

Jioni moja shemasi wao, mtu wa nyumbani aliyeishi huko miaka mingi, aliwakuta katikati ya maombi. Akakimbilia kufunga dirisha.

"Mama mchungaji, mnataka kupoteza watoto?"

"Kwa kuomba?"

"Kwa kelele! Wewe unalia 'Bwana, tuokoe,' watoto nao wanalia. Jirani hasikii maombi hapo, anasikia kipigo. Anapiga simu, ofisi ya watoto inakuja, na watoto wanaondoka, kila mmoja na begi lake. Kwetu kelele ni uhai, dada yangu. Hapa ni ushahidi."

Tangu siku ile hofu ikahamia kwa Ndeshi na virago vyake vyote. Nyimbo zikaimbwa kwa midomo tu. Watoto wakavalishwa soksi mbili mbili ili wasisikike wakitembea. Anaeli, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, akianguka, Ndeshi alimziba mdomo kwanza, ndipo akatazama kama ameumia. Chini yao aliishi bibi mmoja mjane. Ndeshi akimsikia ngazini, alijibanza nyuma ya mlango mpaka apite.

Mchungaji naye akajizoeza kuomba kimyakimya. Alisema Mungu anasikia hata hivyo. Na kweli, Mungu alisikia. Ila hakuna mwingine aliyesikia, na wao walikuwa wametumwa kwa hao wengine.

Kisha siku moja kengele ya mlango ikalia.

Katika nchi ile hata rafiki haji bila miadi, na Ndeshi hakuwa na miadi na mtu. Mumewe alikuwa hospitalini kumwona mgonjwa. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, kitambulisho kifuani, mkoba begani. Lugha ya Ndeshi ilitosha kununua viazi tu, kwa hiyo Tumsifu, aliyeisoma shuleni, akawa mkalimani.

"Mama, anasema anatoka ofisi ya watoto."

Ndeshi akafungua mlango wote. "Mwambie karibu. Mwambie chai ipo."

"Anasema akiwa kazini haruhusiwi chai. Anaomba kuona tunapolala."

Mgeni akakagua vitanda. Akafungua jokofu, akatazamana na maziwa kwa muda, akaandika. Akainama kwa Anaeli.

"Anauliza kwa nini mtoto amevaa soksi mbili."

"Mwambie baridi."

Tumsifu akamtazama mama yake. Mle ndani mlikuwa na joto la kuivisha ndizi. Hata hivyo akatafsiri.

"Anauliza kama kuna mtu anatukataza kulia."

Anaeli alikuwa anautazama mkono wa mama yake.

"Anasema jirani amepiga simu kuhusu sisi."

Ndeshi akaanguka magotini, akawavuta watoto kifuani. "Mwambie tumeacha! Hatuimbi tena, hatuombi kwa sauti, hata mbio hawakimbii! Asiwachukue wanangu!"

Tumsifu akatafsiri huku analia. Afisa akashusha kalamu, akasema maneno marefu. Mtoto akakunja uso.

"Anasema hayo ndiyo malalamiko, mama."

"Yapi?"

"Kwamba tumeacha. Bibi wa chini alikuwa anatusikiliza kila jioni akila peke yake. Ghafla kimya. Akaogopa kwamba kuna kitu kibaya kimetupata."

"Sasa kwa nini hakuja kubisha hodi?"

Afisa alipotafsiriwa swali hilo alishangaa, kama ameulizwa kwa nini bibi hakuingilia dirishani. Kule jirani akikuwazia mema, anakuwazia kupitia ofisini.

"Anasema fomu yao ina sehemu ya kelele, ya ukimya haina. Ameandika kwenye kelele: hakuna. Na hawezi kufunga faili mpaka asikie kelele."

Ndeshi akafungua mdomo, sauti haikuja. Alikuwa ameificha muda mrefu mno. Tumsifu akaanza wimbo, Anaeli akafuata akiyakosea maneno, na mwisho Ndeshi akaingia kama mtu anayejipeleka mwenyewe polisi.

Afisa akainua kidole juu.

"Anasema tuzidishe. Bibi hasikii vizuri."

Wakazidisha. Kwenye ubeti wa tatu hatua zikasikika ngazini, zikipanda taratibu. Kila kiungo cha Ndeshi kilimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Bibi akasimama mlangoni na ndara zake. Akamtazama afisa kwanza, kama anayeomba kibali, kisha Ndeshi. Akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Mama," Tumsifu akasema, "anauliza kama anaweza kuingia."

Tangu wafike nchi ile, hakuna mtu wa jengo lile aliyewahi kuwauliza hivyo.

Funzo: Hofu ikikutawala, utakificha kilekile ulichotumwa kukipeleka, na utawafundisha wanao kuogopa kabla hujawafundisha kuomba.