Kiboko Asiyeweza Kufungua Kinywa

Hodi, wenye masikio.

Karibu, mwenye mdomo.

Nimekuja na ngano. Ina miguu minne na uongo mmoja.

Uongo tunaujua. Tupe hiyo miguu.

Basi hapo kale, juu kidogo ya mto, katikati ya mawe mawili makubwa, palikuwa na zahanati ya wanyama wote. Mganga wake alikuwa Bibi Nungu. Sindano zake alizibeba mwenyewe mgongoni. Ukija na jipu, alichomoa mwiba mmoja, akauchemsha, chwi, usaha ukatoka, ukaenda zako. Ukiwa na kitu ulitoa. Ukiwa huna ulisema ahsante, na ahsante yako ilipokelewa kwa mikono miwili.

Msaidizi wake alikuwa Kindi. Aliletwa pale mdogo kabisa, mguu umevunjika, akapona, akakataa kuondoka. Akawa anachemsha maji na kukoroga uji. Alizipenda sana asubuhi za pale. Wagonjwa walikaa kwenye mkeka mmoja mrefu, Kanga ubavuni kwa Ngiri, Ngiri ubavuni kwa Digidigi, wakiulizana habari za nyumbani. Mvuke wa mwarobaini ulipanda, na Bibi Nungu aliimba wimbo wake usio na maneno, mmm mmm, huku akifunga vidonda. Wengine walipona leo na kesho wakarudi hawaumwi kitu, kukaa tu.

Siku moja akaja Kiboko, shavu limevimba kama kibuyu. Jino moja lilikuwa bovu. Bibi Nungu akalikamata, akavuta, ng'wa, likatoka. Kiboko akalala pale siku mbili, akanywa uji sufuria tatu, akaondoka akishukuru.

Siku ya tatu akarudi, meno ameyabana, anasema kwa puani. Alisema taya zimekaza. Alikuja na jino moja bovu, akaondoka na kinywa kizima kibovu. Sasa hali, hanywi, na kinywa hakifunguki hata upana wa jani. Alitaka fidia. Asipopewa, angewashitaki barazani kwa Mzee Nyati, na baraza lingeifunga zahanati.

Bibi Nungu akamwomba akae amtazame. Kiboko akarudi nyuma. Mkono wake, alisema, ndio uliomharibu, hautamgusa tena. Alete mkungu wa ndizi, yaishe.

"Mkungu wa ndizi utaupitishia wapi, mzee wangu?" Kindi akauliza.

"Wa watoto," Kiboko akajibu kwa puani.

Bibi Nungu akautoa, kwa kutaka amani. Kesho yake Kiboko akarudi: lete miwili, au barazani. Akapewa miwili. Keshokutwa akarudi: lete minne, au barazani. Akapewa minne. Kisha akaanza kukaa njiani tangu alfajiri, na kila mgonjwa aliyepita alimwambia, "Unaingia humo? Haya. Mimi niliingia nikiongea vizuri kama wewe."

Mkeka ukaanza kuwa mrefu kuliko watu wake. Ngiri hakuja. Kanga hakuja. Wimbo nao Kindi hakuusikia tena. Hata Digidigi alipokuja na mwiba karibu na jicho, Bibi Nungu alinyanyua mkono, akamwona Kiboko kule njiani, akaushusha. Akamwambia aende nyumbani akajioshe kwa maji ya uvuguvugu. Digidigi akaondoka akipapasa njia.

Jioni hiyo Kiboko akasema neno la mwisho. Alitaka bustani ya zahanati, ile ya viazi na matikiti, iliyowalisha wagonjwa waliolazwa. Aliwapa siku mbili. Siku ya pili jua likiwa utosini, ama bustani ni yake ama wakutane barazani.

Bibi Nungu akaanza kufunga mzigo wake.

Kindi akamwambia wakamweleze Mzee Nyati kwamba Kiboko anasema uongo.

"Tutaonyesha nini, mjukuu wangu?" Bibi Nungu akasema. "Kinywa ni chake. Nani atamfungua Kiboko kinywa?"

Asubuhi Kindi akaenda mtoni kuchota maji. Akaona majani ya ukingoni yamekatwa chini kabisa, upande huu mpaka upande ule, na nyayo pana zinang'aa umande. Akaweka mtungi chini akafikiri. Kumbe huyu mtu hula usiku kucha. Na kukipambazuka tu yuko njiani kwetu, meno ameyabana, mpaka jioni. Sasa analala saa ngapi?

Hapo akaukumbuka ule mkeka siku ulipokuwa umejaa. Mmoja akipiga miayo mwanzoni, miayo ilitembea, hwaa, hwaa, hwaa, mpaka mwisho wa mkeka, na Bibi Nungu alicheka akasema huu ndio ugonjwa wa kuambukiza pekee ambao hajaupatia dawa.

Kindi akaruka mti hadi mti. Kwa Ngiri akasema, "Mzee Kiboko anaumwa sana, nyinyi mmeshakwenda kumjulia hali?" Ngiri akaona haya. Kwa Kanga akasema vilevile, Kanga akaona haya. Kwa Mzee Nyati akasema vilevile, na Mzee Nyati akaona haya zaidi, maana yeye ni mkubwa. Katika nchi ile kutomtembelea mgonjwa ilikuwa aibu. Na mgonjwa naye alikuwa na adabu zake: hasinzii mpaka kila mgeni amalize salamu. Kwa hiyo Kindi akawaomba wote jambo moja, wasimharakishe mgonjwa.

Siku ya pili, jua likielekea utosini, wakaja wote kwa mstari mpaka pale njiani. Bibi Nungu naye akaja, nyuma kabisa. Kiboko alifurahi. Aliona mashahidi wanajileta wenyewe. Akajilaza, akaguna.

Ngiri akaanza. "Pole, mzee. Umeamkaje?" Mm. "Nyumbani hawajambo?" Mm. "Mto haujambo?" Mm.

Akaja Kanga. "Pole, mzee. Umeamkaje?" Mm. "Nyumbani hawajambo?" Mm. Kisha akamletea salamu za watoto wake kumi na wanne, mmoja mmoja kwa jina, na kila jina lilitaka mm yake.

Jua likawaka. Nzi wakalia zzz. Macho ya Kiboko yakawa mazito kama mawe ya kusagia.

Ndipo Kindi akaketi mbele ya pua yake, akafungua kinywa chake kidogo, taratibu: hwaa.

Ngiri akaona: hwaa. Kanga akaona: hwee. Mzee Nyati akajizuia, akashindwa: hwooo.

Pua za Kiboko zikatanuka. Machozi yakamtoka. Akabana meno, kri, kri, kri. Akatazama chini, akasikia hwaa. Akatazama juu, akaona hwaa. Mwili wote ukamtikisika kuanzia mkiani, na kile kinywa kikafunguka: HWAAAAAA. Kilifunguka mpaka jua likaingia ndani. Watu wakaona meno, wakaona majani mabichi ya usiku, wakaona nyuzi za ndizi, na wakaona pengo la lile jino, limepona safi, la waridi kama ufizi wa mtoto.

Kindi hakumwita mwongo. Alirukia juu ya kichwa cha Kiboko akapiga vigelegele. "Amepona, jamani. Mzee wetu amepona."

Vigelegele vikapokelewa. Mzee Nyati akampa Kiboko hongera.

"Lakini mimi nilikuwa nadai," Kiboko akasema.

"Ulidai kinywa," Mzee Nyati akamwambia. "Si hicho hapo?"

Na katika nchi ile, mgonjwa aliyetembelewa akapona huwalisha waliomtembelea, na humshukuru mganga mbele za watu. Kiboko akatoa mikungu saba, idadi ile ile aliyochukua, na kile kinywa kikasema ahsante, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Kanga alisema hakusikia. Kabla ndizi hazijaisha, Bibi Nungu alishamkalisha Digidigi kivulini. Mkono ukanyanyuka, haukushuka bure. Chwi. Na wale waliokaa karibu walimsikia anaimba, mmm mmm.

Siku hizi, wanasema, mganga anakutazama mkono kwanza kama umeshika karatasi ya mashitaka. Zamani zile alikutazama kidonda.

Basi funzo, watoto wazuri, ni hili: ukiwa na kesi ya uongo, pata usingizi wa kutosha. Na mgonjwa asiyeumwa msiende kumtembelea kabisa, mtamponya bure, akose mali yake.

Ngano imekwisha kula, imenawa. Waliosinzia waamshwe, na anayepiga miayo hapo nyuma tumemwona.