Jozi ya Bwana Mbaruku

Siwema alifuga panya weupe uani, akiwauzia wafugaji wa nyoka. Biashara ilipochanganya, mwenye nyumba wake, Bwana Mbaruku, akaingiwa na tamaa.

"Nipe jozi ya mbegu na mimi nifuge. La sivyo, hama na mapanya yako."

"Chagua mwenyewe, baba mwenye nyumba, usije ukasema nimekupunja."

Bwana Mbaruku alipita kila tundu, akasimama mbele ya panya wawili waliolala wamekumbatiana. Asubuhi ile mkewe alikuwa amemfokea mpaka majirani wakatoka nje. Akawatazama panya hao kwa wivu.

"Hawa wako hivi kila siku?"

"Tangu wazaliwe hawajagombana."

"Basi hao hao! Ulidhani utanificha?"

Siwema akainamisha kichwa. "Umenimaliza, baba."

Bwana Mbaruku aliwalisha karanga, akawatandikia pamba. Miezi ikapita, panya wakanenepa, watoto hawakuonekana. Akarudi anafoka.

"Umeniibia! Wanapendana, wanakula, mbona hawazai?"

"Hao wote wawili ni majike," alisema Siwema. "Wewe na mama mnagombana kila siku, na mna watoto tisa."